Taa Ipi Ilikuwa Yangu?

Kifanya, Njombe
4 Machi 1956

Mwanangu Lameki,

Kamwene. Nakusalimu kwa jina la Bwana Yesu, na nikishakusalimu nataka kujua hali ya kifua chako, na kama lile blanketi bado unalo au umempa mtu kama ulivyogawa koti. Upepo wa Makambako hauna adabu, nimepita huko naujua. Sisi hapa hatujambo. Mvua haijakata, viazi vya bondeni vimeoza, vya juu vimesalia. Ng'ombe amezaa ndama jike. Jirani yetu Tereza ameng'olewa lile jino na sasa anaongea zaidi kuliko zamani. Dada yako Noela ameandika kutoka Manda, wanawe wazima, anasema wanauliza bibi yao yukoje, na mimi kushuka milima ile kwa magoti haya siwezi tena, wala yeye hana nafasi ya kupanda.

Sasa neno lenyewe. Picha imefika.

Memsahibu aliniita jikoni akanipa nakala yangu ndani ya bahasha. Nikaenda kuitazamia nyuma ya banda la kuku, maana niliona haya kutazama uso wangu mbele za watu. Mwanangu, nilichokiona kimenitia kichefuchefu. Sisemi kwa mzaha. Mate yalinijaa mdomoni.

Memsahibu amekaa kwenye kiti chake, anang'aa, unaweza kuhesabu vifungo vya gauni na kope za macho. Nyuma yake kuna kilemba cheupe kinaelea hewani. Chini ya kilemba ni giza. Ndani ya giza kuna meno, kwa sababu yule Fundi wako wa picha alisema tucheke. Na tone moja la mng'ao pale kwenye paji, ni mafuta niliyojipaka. Basi, ndio mimi huyo. Pua hakuna, macho hakuna. Mtu akiiokota njiani atasema mzungu huyu amepigwa picha pamoja na mzimu.

Wewe unajua kwa nini nilikubali kusimama pale. Baba yenu Lukas alipokwenda vitani hakuacha picha, na huko Burma hawakurudisha hata kofia yake. Sauti yake ninayo. Mikono yake ninayo. Uso umenitoka kidogo kidogo, na siku hizi nikiulizwa alikuwa na pua ya namna gani nasema nzuri, lakini natunga tu. Nikasema mimi nisiwafanyie ninyi hivyo. Niwaachie uso. Ndio nikaacha kazi za watu nikajipaka mafuta nikafunga kilemba cha Meza ya Bwana, nikasimama.

Nilisimama nikaona taa tatu kwa macho yangu, yale mabakuli ya kung'aa juu ya miguu ya chuma, na wewe ukikimbia kimbia na waya. Zikalipuka zote pamoja, nusura niangukie kabati. Watu tulikuwa wawili, taa tatu. Nijibu mwanangu. Taa ipi ilikuwa yangu?

Kula vizuri. Usilale na nguo mbichi.

Mama yako,
Ida


Makambako
18 Machi 1956

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la chai la Lupembe. Mimi ni mzima, kifua hakinisumbui, blanketi ninalo. Huku baridi imeanza mapema. Kazi ni nyingi, watu wa barabarani wanashuka kwenye malori na kutaka picha kabla lori halijaondoka. Fundi Alfonsi anakusalimu sana. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mpe Tereza pole ya jino.

Kuhusu picha, pole mama. Karatasi ya kusafishia ilikuwa imekaa sana dukani, na dawa nayo ilikuwa ya zamani, kwa hiyo sehemu zenye weusi zimefungana. Tena kilemba kilikuwa cheupe mno, kikazidi nguvu. Na mafuta nayo hurudisha mwanga vibaya. Hayo ni mambo ya kawaida katika kazi hii, wala usiyaweke moyoni. Memsahibu ameandika kwamba ameipenda, na Fundi amefurahi kwa sababu wazungu wengine wa mashamba wataisikia sifa yake.

Nitatuma sabuni na chumvi lori likirudi.

Mwanao,
Lameki


Kifanya
8 Aprili 1956

Mwanangu Lameki,

Kamwene tena. Sabuni imefika, chumvi imefika, ahsante. Ndama anaharisha lakini ananyonya. Jumapili ya Pasaka tuliimba mpaka mchungaji akatushika mkono mmoja mmoja. Nilikuombea.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mimi kusoma kwangu ni kwa darasa la ubatizo, naenda polepole kama mtu anayevuka mto, lakini nafika ng'ambo. Nilikuuliza taa. Umenijibu karatasi, umenijibu dawa, umenijibu kilemba changu, umenijibu mafuta yangu. Kwa hiyo kosa ni kujisafisha? Ningekuja na masizi ya jikoni ndiyo ningeonekana? Nijibu kama mtoto wangu, usinijibu kama karani wa boma.

Nitakuambia ninachokipata huku. Niliibandika ukutani, Tereza akaja kuazima kinu. Akaitazama, akasogea, akainamisha kichwa.

"Mama Lameki, huyu mzungu namjua. Na hii nyuma yake ni kabati?"

"Kabati liko kulia," nikamwambia.

"Na hii ya kushoto?"

"Hiyo ni mimi."

Alicheka mpaka akashika shavu lenye kidonda cha jino. Halafu akaona sicheki, akasema, "Lakini kilemba kimetoka vizuri." Lameki, afadhali angeendelea kucheka. Niliibandua picha siku hiyo hiyo.

Nakala ya Memsahibu ni kubwa, imetiwa kwenye kioo, iko sebuleni juu ya meko ya kuotea moto. Na nani anafuta vumbi sebuleni? Mimi. Kila asubuhi nashika kitambaa napangusa kioo kile, uso wake naupangusa, halafu napangusa lile giza langu, na katika kioo naona uso wangu mzima mzima ukinitazama juu ya mahali ambapo haupo. Nasikia kinyaa. Kitambaa chenyewe nakisikia kichafu mkononi. Wageni wake wakija anawaonyesha, "Huyu yaya ya watoto yangu," na wao wanatikisa kichwa, wanamtazama nani sijui.

Watoto wake wale watatu nimewabeba mgongoni, mgongo uleule uliokubeba wewe, na wewe unajua nani alibebwa zaidi. Sitaki kusema hayo. Nilisema sitayasema.

Nakuuliza mara ya pili. Taa ipi?

Mama yako


Kifanya
6 Mei 1956

Lameki,

Hujaandika. Lori la chai limepita mara mbili, dereva anasema amekuona, umepungua, umesimama mbele ya studio unaosha mabakuli ya taa. Je, unaumwa? Kama ni homa mwambie Fundi akupeleke hospitali. Kama ni mwanamke mwambie dada yako. Kama ni swali langu, basi liache, mimi ni mama yako, sitaki swali langu likuue. Lakini ukiliacha nitajua.

Mama


Makambako
20 Mei 1956

Mama,

Shikamoo. Siumwi. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Taa tatu zilikuwa hivi. Ya kwanza, ile kubwa, ilikuwa karibu na kiti, upande wa dirisha. Hiyo ndiyo inayochora uso. Ya pili ilikuwa upande wa pili, mbali kidogo, hafifu, kazi yake ni kupunguza ukali wa kivuli ili nusu ya uso isipotee. Ya tatu ilifichwa nyuma ya kiti, ikielekea juu, ili nywele zitoke ukutani zisigandamane nao. Ya kwanza ilikuwa ya Memsahibu. Ya pili ilikuwa ya Memsahibu. Ya tatu ilikuwa ya nywele za Memsahibu.

Umesema nikujibu kama mtoto wako.

Mwanga una tabia yake mama. Ukiusogelea unakupa sana, ukirudi nyuma hatua chache tu umekunyima karibu wote. Haupungui taratibu kama moto wa kuni, unakatika. Mtu aliyekaa kwenye kiti aliupata wote, na wewe uliyesimama nyuma yake ulipata mabaki. Na ngozi yetu inameza mwanga, inataka ipewe zaidi, ngozi yao inaurudisha. Kwa hiyo aliyehitaji kidogo alipewa kingi, na aliyehitaji kingi alipewa kidogo. Tukiongeza nguvu ili wewe uonekane pale nyuma, yeye anakuwa kama unga uliomwagika, hana pua wala mdomo. Fundi alilijua hilo. Alichagua.

Mafuta yako hayakuwa na kosa. Bila mafuta hata lile tone lisingekuwapo.

Unaweza kuuliza kama kuna njia. Ipo. Si kuongeza taa, ni kubadilisha watu mahali. Mweusi akae mbele, kwenye kiti, taa kubwa karibu naye. Mweupe asimame nyuma yake, mwanga umfikie ukiwa umechoka. Hapo nyuso mbili zinakwenda sawasawa, kama mizigo miwili ya punda. Mimi ningekuweka kwenye kiti, mama.

Usimwambie mtu haya. Fundi anawategemea watu wa mashamba.

Mwanao,
Lameki

Kama nilisema neno siku ile au sikusema, mimi nilikuwa nimeshika waya.


Kifanya
10 Juni 1956

Mwanangu, mwanangu,

Kamwene. Umeniandikia kama mtu mzima na nimelia vizuri, si vibaya. Ndama amepona. Asubuhi umande umeganda kwenye majani ya viazi, mweupe. Vaa soksi mbili.

Uliniambia nisimwambie mtu. Nimemwambia mtu.

Nisikilize kwanza kabla hujakasirika. Wanaondoka, wanarudi kwao Ulaya moja kwa moja, shamba la miti ya miwati anachukua mwingine. Memsahibu akaniita sebuleni, akasema, "Ida, sisi nakwenda mwezi ya saba. Wewe nataka zawadi gani? Sema tu. Nguo? Sufuria?"

"Nataka picha, Memsahibu."

"Picha iko! Mimi napa wewe."

"Ile ni yako. Mimi simo."

Akacheka. "Wewe iko. Iko nyuma."

Nikamwambia, basi nionyeshe jicho langu. Akainuka, akaweka kidole juu ya kioo, akatafuta. Akavaa miwani, akatafuta tena. Kidole kikaenda kikaenda kikasimama kwenye mpini wa kabati. Hakucheka tena. Nikaona anaona, Lameki. Kwa mara ya kwanza tangu Machi ameiona picha ile.

Akasema polepole, "Fundi mbaya."

"Fundi si mbaya. Mahali tulipokaa ndipo pabaya. Mimi nikae kwenye kiti, wewe usimame nyuma yangu. Taa inataka hivyo. Tutatoka wote wawili, wewe hutapungua kitu."

Akanitazama, akatazama kiti. Bwana, mumewe, alikuwa pembeni na gazeti lake, akalishusha. "Nani nasimama?" Memsahibu akamweleza kwa lugha yao. Bwana hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alitabasamu tu, akasema neno fupi, na mimi lugha ile nimeisikia nikilea watoto wao, naijua ya kutosha. Alisema watu kwao watafikiri nini. Akainua gazeti.

Memsahibu akawa mwekundu mpaka shingoni. Akanishika mkono. "Ida, mimi nafikiri. Kesho."

Kesho yake nikafika alfajiri nikakuta kile kiti nje, mlango wa jikoni, kimefungwa kamba tayari kubebwa. Kiti chenyewe, chenye mikono, chenye mto. Akatoka na gauni la kulalia, anafurahi kama mtoto. "Kiti yako, Ida! Peleka nyumba. Kaa kila siku!"

Nilisimama pale na baridi ile. Kumbe kukaa kwangu si neno. Nikae mpaka nichoke, nikae mpaka nife, ilimradi nisionekane nimekaa. Afadhali wangeninyima vyote viwili. Kunyimwa nimezoea, naijua ladha yake. Hiki cha kunipa kiti ili ninyamaze kilikuwa na utamu wa kuoza, kama asali ambayo panya amefia ndani.

Nikamwambia, "Memsahibu, ahsante, kiache hapo." Nikaingia nikawasha jiko, nikapika mayai yao, nikaosha vyombo, nikakunja aproni nikaiweka mezani. Nikawaaga wale watoto wakubwa wawili waliokuwapo, mmoja akalia, nami nikalia, yeye hana kosa. Nikaja zangu kwa njia ya juu. Sikurudi tena.

Kiti kilinyeshewa siku mbili. Tereza akaenda kukichukua na mkokoteni, akanifokea njia nzima. "Una wazimu, mti mzuri kama huu!" Sasa anakikalia yeye akimenya viazi, anasema kina mgongo mzuri. Nikienda kwake nakaa chini.

Usije ukaniambia nimefanya vibaya. Kama nimekuharibia kwa Fundi, niandikie ukweli.

Mama yako,
Ida


Makambako, kwa Nahumu wa hoteli ya chai
1 Julai 1956

Mama,

Shikamoo. Barua nimeipata. Soksi navaa. Fundi Alfonsi safari hii hakukusalimu.

Sijakasirika. Nimesoma pale kwenye mpini wa kabati nikacheka peke yangu hotelini mpaka Nahumu akauliza kama chai ina kitu.

Nitakuja Jumamosi na lori la mbao mpaka njia panda. Nitakuja na taa mbili, kamera na balbu chache. Balbu ikishalipuka imekwisha, haina mara ya pili, kwa hiyo tutafanya polepole. Tafuta shuka jeupe, kubwa, lisilo na viraka. Ujipake mafuta kama siku ile, usipunguze. Kilemba ufunge unachotaka.

Usiniulize mambo mengine nikifika. Tupige picha kwanza.

Lameki


Kifanya
12 Agosti 1956

Mwanangu Lameki,

Kamwene. Natumaini ulifika salama na lile lori, na mtu aliyekukalia mfuko wa kamera amepata adhabu yake. Viazi vya juu tumevuna. Mchungaji anauliza kama utampiga picha, nimesema wewe unaujua mwanga, atakuandikia mwenyewe.

Picha imefika juzi.

Nataka nikuambie ilivyokuwa kwangu tangu siku ile, maana wewe ulikuwa na macho kwenye vyuma vyako. Ulipoingia na mizigo ile, Tereza akasema, "Nilete kiti?" nami nikamwambia kikae hukohuko. Ukaniketisha kwenye kigoda changu, mbali na ukuta. Ukaleta taa kubwa karibu yangu, karibu mpaka nikasikia harufu ya chuma chake. Ukarudi nyuma ukanitazama, ukaisogeza nusu hatua. Ukaja ukanishika kidevu. Ukarudi tena ukaisogeza. Na ile ya pili ukaigeuza ikatazama shuka, si mimi, Tereza kalishika mikono juu kama anayesalimu amri, na alikuwa anakutukana.

"Taa inaogopa kumtazama mama yako, mpaka ipitie kwangu?"

"Ikipitia kwako inapoa, shangazi. Nyoosha mkono."

"Mkono umekufa!"

"Ukifa tutauzika. Nyoosha."

Mwanangu, sijawahi kutazamwa hivyo. Baba yako alinitazama, lakini yeye alikuwa anataka kitu. Memsahibu miaka yote hiyo alitazama mikono yangu ina nini. Wewe ulikuwa unatafuta mahali pua yangu inapoishia na shavu linapoanza, kama mtu anayetafuta njia ya kupitisha maji shambani. Nilitaka kujificha. Mwanga ulipolipuka sikufumba macho. Nilikuwa nimekuahidi.

Sasa picha. Nilifungua bahasha nyuma ya banda la kuku kama mara ile. Na mara hii nayo nimechukia.

Huyu bibi ni nani? Kumbe nina mifuko miwili chini ya macho. Kumbe shingo yangu imekuwa ya kobe. Kumbe mdomo umeshuka upande mmoja, na lile pengo nililokuwa nadhani halionekani linaonekana kuliko meno. Kila mkunjo umeupa taa yake. Huku mchovu, huku mkali, jicho moja dogo kuliko jingine, Lameki, tangu lini? Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa na uso mwingine kichwani, uso wa yule msichana aliyeolewa na Lukas, nikadhani ndio ninaotembea nao sokoni. Nilisikia kinyaa kilekile, mate yaleyale. Nikaifunikia kwenye kapu la mahindi, ikakaa humo, nikawa nachota mahindi upande wa pili.

Nikamwonyesha Tereza mwishowe, nikitaka aseme si mimi.

Akaitazama. Hakuuliza kabati liko wapi.

"Si amefanana nawe huyu, Mama Lameki," akasema, halafu akaniangalia, akaitazama tena. "Ndio wewe hivyo ukiwa umenikasirikia."

"Nimezeeka hivi?"

"Ulitaka uzeeke vipi?"

Nikamnyang'anya nikaja nayo nyumbani. Nimeiweka mbele ya dirisha nikaitazama mpaka nikaizoea kidogo. Bado ni mbaya. Lakini kila ninapoweka kidole, pana kitu. Nikiweka kwenye jicho, ni jicho. Nikiweka kwenye pua, ni pua, na imeishia pale inapoishia. Hakuna mahali pa kuniambia simo.

Kwa hiyo fanya hivi. Nakala moja mtumie Noela kule Manda, mimi nimekwisha mwandikia asiwaambie watoto kwamba zamani nilikuwa mzuri. Awaonyeshe tu, awaambie huyu ndiye. Wakiogopa, waogope mimi, wasiogope giza. Nyingine ubaki nayo wewe. Usiirekebishe. Najua mna dawa na penseli za kufuta mikunjo, Fundi alikuwa akizisifia. Ukiufuta hata mmoja nitajua, nimeihesabu.

Na jambo jingine, ulisema nisikuulize, na sikuuliza. Lakini barua zako siku hizi zinatoka kwa Nahumu wa hoteli ya chai, na Fundi hakunisalimu, na zile taa mbili ulisema ni za kuazima na hukuzirudisha, ulizifunga vizuri ukaziacha chini ya kitanda changu. Mimi si mtoto, najua neno langu kwa Memsahibu limekutoa kazini. Chumba cha mbele kinaingiza mwanga asubuhi mpaka saa nne, nimepangusa kuta, shuka la Tereza nimelinunua kwa kuku. Watu wa Kifanya hawajawahi kupigwa picha, wala hawana mtu wa kusimama nyuma yake. Mchungaji ndiye wa kwanza, nimekwisha mwambia akae wapi.

Njoo na balbu.

Mama yako, huyo mwenye pengo,
Ida